Kompyuta kuukuu: mchezo wa utotoni uliokataa kwisha

Ndugu msomaji, ukipita nyumbani kwangu Kibaha siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana, yamkini utanikuta nimeketi kwenye kigoda katika baraza ya uani, bisibisi mkononi, na mbele yangu kompyuta ambayo wewe ungeona haifai hata kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mke wangu huiita baraza hiyo makaburini. Watoto wetu huiita kiwandani. Wageni nao huuliza swali moja tu: "Hizi zinauzwa?" Haziuzwi. Ziko kumi na nne, na kila moja ina kisa cha namna ilivyonifikia. Lakini leo nitakusimulia habari za mbili tu, ile ya kwanza iliyoniambukiza uraibu huu nikiwa mtoto, na nyingine ambayo wala si yangu, niliyoikuta katika banda la kuku huko Kisarawe.

Huenda utasema kwamba hayo ni mambo ya watu wenye nafasi na fedha. La hasha. Mshahara wa mwandishi wa gazeti haufichiki. Mashine nyingi nilipewa bure na watu waliokuwa wakizitafutia mahali pa kuzitupa; nyingine nilizipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa bei ya kilo, kama sufuria iliyotoboka. Gharama kubwa ni umeme. Mashine moja ya zamani pamoja na kioo chake kinene hula kiasi cha wati 150, hivyo ukiiwasha kwa saa saba umekwisha tumia uniti moja ya LUKU, na katika nyumba yetu uniti hizo huhesabiwa na mtu asiyekuwa na huruma.

TELEVISHENI YA BABA

Utakumbuka hofu iliyoenea duniani mwishoni mwa mwaka 1999. Kompyuta nyingi za wakati huo zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, 97, 98, 99, na ilihofiwa kwamba zikifika 00 zitadhani dunia imerudi mwaka 1900, zivuruge mishahara, akiba za benki na safari za ndege. Maafa makubwa hayakutokea, kwa kuwa mafundi wa nchi nyingi walifanya kazi ya kusahihisha kabla ya siku yenyewe kufika. Lakini ofisi nyingi zilipata kisingizio kizuri cha kununua mashine mpya. Ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi ya udereva baba yangu iliuza za zamani kwa mnada mwanzoni mwa mwaka 2000. Nilikuwa darasa la nne.

Baba alirudi jioni hiyo na kioo, sanduku la chuma, na kibodi iliyokosa vitufe viwili. Alikuwa amelipa shilingi elfu kumi na tano kwa vyote, akaingia ndani na uso wa mtu aliyewazidi wenzake ujanja, kwani aliamini kwamba amenunua televisheni. Usimcheke. Huku Bara televisheni ilikuwa imeanza mwaka 1994 tu, na katika mtaa wetu wa Maili Moja nyumba zilizokuwa nayo zilihesabika kwa vidole. Habari zilienea upesi. Kabla ya magharibi majirani walikwisha kutandika mkeka sebuleni, watoto mbele, wakubwa nyuma, nasi tukamtazama baba akitafuta mahali pa kuchomeka antena. Alitafuta kwa muda wa saa nzima. Hapakuwa na mahali. Hatimaye jirani mmoja, aliyekuwa karani, akamnong'oneza jambo sikioni, na baba akawaambia watu kwamba mitambo imeharibika, waje siku nyingine.

Mama hakusema neno. Kesho yake alitandika kitambaa cha kufuma juu ya kile kioo, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki, na ikawa pambo la nyumba. Lakini lile sanduku la chuma lilibaki chini ya kitanda changu, na mimi sikulala. Nilipoliwasha kwa siri lilinguruma, kisha likatoa mlio, kisha mlio mwingine, kwa mpangilio, likanyamaza. Mtoto akisikia kitu kinalia kwa mpangilio hudhani kina jambo kinataka kusema. Baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa nimedhani sawasawa.

Likizo ilipofika nilipelekwa kwa mjomba wangu Kisarawe, naye alikuwa fundi redio. Ukitazama ramani, Kibaha na Kisarawe ni majirani. Lakini kwa abiria wa siku zile ilikupasa kuteremka hadi Ubungo, upite Buguruni, uende Gongo la Mboto, kisha upande vilima vya Pugu. Nilisafiri na lile sanduku mapajani na kile kioo miguuni. Kondakta wa gari la pili alidai nauli ya kioo, na alipoambiwa kuwa si televisheni akadai nauli hiyo hiyo, ati kwa sababu kinakaa kama mtu.

Mjomba wangu alikuwa ametengeneza redio za National na Philips tangu ujana wake, na alikuwa hajapata kufungua kompyuta hata moja. Alinisikiliza, akaiwasha, akaisikiliza nayo. "Mpwa wangu," akasema, "kinacholia hakijafa." Akafungua sanduku kwa bisibisi yake yenye mpini wa mti, akatazama ndani kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Mambo mawili aliyafanya siku ile, nami nayafanya mpaka leo.

La kwanza, aliona betri ndogo iliyokuwa imelehemiwa juu ya bodi. Ilikuwa imevuja maji ya kijani yaliyokwisha kuanza kula nyaya nyembamba za shaba. Akaikata betri, akakamua ndimu, akapaka maji yake mahali pale kwa mswaki mkuukuu, akasuuza kwa spiriti na kuanika juani. Nilidhani ni uganga. Kumbe maji ya betri za namna ile si asidi bali ni kinyume chake, ni kama magadi, na uchachu wa ndimu huyatuliza. La pili, alichomoa vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, akaniomba kifutio changu cha shule, akasugua kingo zake za rangi ya dhahabu mpaka zikang'aa, akavirudisha kwa kubana mpaka vikalia "ka". Kutu na uchafu wa pale ndio uliokuwa ukizuia umeme kupita, na ile milio ilikuwa namna ya mashine kulalamika kwamba haioni kumbukumbu yake.

Tulipoiwasha tena ililia mara moja tu. Kioo kikawaka, maandishi meupe juu ya weusi. Ikatuambia kwamba haioni kibodi, kisha ikatutaka tubonyeze kitufe fulani cha kibodi hiyo hiyo ili tuendelee. Mjomba alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Tukachomeka kibodi, na mstari mwingine ukaja, ukitaja tarehe ya leo: 1 Januari 1980.

Sababu yake ni ile betri. Kompyuta za aina hii huweka saa yake kwa nguvu ya betri hata zikiwa zimezimwa, na betri ikifa hazijui ni lini. Basi nyingi hurudi kwenye siku ya kwanza ambayo programu zake zilifundishwa kuihesabu, nayo ni hiyo. Tangu siku ile, kila nilipoiwasha, kwanza ilinibidi niiambie kwamba miaka imepita. Kadhalika ilisahau vipimo vya diski yake kuu, nami nikawa nimeviandika nyuma ya daftari la hesabu ili niviingize kila mara kabla haijakubali kufanya kazi. Mwalimu wangu aliviona akadhani nimeiba majibu ya mtihani.

Ilikuwa mashine ya namna gani? Akili yake ilikuwa chipu ya 486, ambayo kampuni ya Intel ilianza kuitoa mwaka 1989. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti nane. Simu ya kawaida iliyomo mfukoni mwako, kama ina gigabaiti nne, inaizidi mara mia tano na ushei. Lakini ilifunguka kwa bisibisi, na kila sehemu yake ilitoka na kurudi, na mtoto wa darasa la nne aliweza kuona wapi umeme unaingia na wapi unatoka. Simu yako je, umepata kuifungua?

AMRI YA MWAKA 1974

Nilipokua na kuanza kusoma habari za mashine hizi, katika maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha kwanza (lile lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970), na baadaye popote nilipopata kitabu, niligundua jambo lililonishangaza kuhusu tarehe ile ya 1 Januari 1980. Siku hiyo, hapa kwetu, kuingiza kompyuta nchini kulikuwa kumepigwa marufuku.

Vijana wengi hawajui habari hii. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine ikawa ICL. Na kwa sisi tunaopenda udaku wa mashine, kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyopewa jina la Kiingereza. Usifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine za siku zile zilijaza chumba, zililishwa kwa kadi zilizotobolewa matundu, na zilihitaji ubaridi kama wa duka la nyama. Zilifuatiwa na nyingine chache. Kisha, mwaka 1974, Serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980 tu.

Wapo wanaoicheka amri ile, hasa kila ifikapo mijadala ya maendeleo. Mimi siicheki sana, wala siisifu. Mashine hizo zilinunuliwa kwa fedha za kigeni tulizokuwa tukizipata kwa shida kutokana na katani, pamba na kahawa. Vipuri vyake vilitoka ng'ambo. Walioziendesha aghalabu walikuwa wageni. Na mfumo wa mahesabu uliotarajiwa kurahisisha kazi ukaleta matata. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kuzinunua, wala dawa haikuwa kuzizuia. Kosa lilikuwa kununua sanduku ambalo hakuna mwenyeji aliyeweza kulifungua. Marufuku iliwakosesha vijana wa miaka ile jambo lile lile nililolipata mimi chini ya kitanda, yaani sanduku bovu la kuharibu bila hofu. Kizazi kizima cha mafundi wetu hodari wa redio kilifika uzeeni bila kushika bodi ya kompyuta. Mjomba wangu alikuwa na miaka hamsini na tatu siku ile aliponiomba kifutio.

Lugha nayo ilichelewa. Nilipoanza, kila neno katika kioo lilikuwa la Kiingereza, nami nilibonyeza kwa kukisia. Wataalamu walibishana kama kitu chenyewe kiitwe ngamizi ama tarakilishi, huku wananchi wakiendelea kusema kompyuta. Mwaka 2004 ndipo ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya maandishi na mahesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden. Nilipata nakala yake katika diski ya mkononi nikiwa kidato cha pili, nikaiweka katika mashine iliyokuwa kongwe mno kwake. Ilichukua dakika tano kufunguka. Nilisubiri, na menyu ya kwanza ilipotokea imeandikwa "Faili", na zilizofuata zikiwa kwa lugha yetu, nilimwita mama kutoka jikoni aje aone.

Sitakuchosha kwa kueleza namna zile nyingine zilivyokuja. Moja nilibadilishana na baiskeli, na siku hiyo palikuwa na ugomvi. Lakini jambo moja nataka ulijue, kwa sababu huenda nyumbani kwako ipo mashine iliyokufa ghafla kati ya mwaka 2001 na 2007 au karibu na hapo, nawe ukadhani umeuziwa mitumba mibovu. Ifungue utazame juu ya bodi yake kubwa. Utaona vikopo vidogo vilivyosimama wima kama tangi za maji za kuchezea. Hizo ni kapasita. Vichwa vyake hupaswa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba, au vimetoa ute wa kahawia, basi umepata mgonjwa wako. Katika miaka ile viwanda vingi vya Asia ya Mashariki vilitumia maji mabaya ndani ya kapasita, na mashine za kampuni kubwa kabisa, zilizouzwa Ulaya na Marekani kwa bei ghali, zilikufa kwa ugonjwa huo huo. Ndiyo maana mashine yangu ya 486 bado inafanya kazi ilhali nimezika kadhaa zilizo changa kuliko yenyewe. Kapasita moja ni bei ya andazi au mbili. Fundi mwenye mkono mtulivu hulehemu kumi kwa saa moja.

Na onyo, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wazazi. Usimwachie mtoto kufungua kile kioo kinene cha zamani. Hata kikiwa kimechomolewa ukutani, ndani yake waweza kubaki umeme wa maelfu ya volti, na kioo chenyewe kimechanganywa na risasi. Mjomba alinifundisha sanduku siku ya kwanza. Kioo alinikataza kwa miaka sita. Wala usiwaruhusu vijana wachome nyaya jalalani ili wapate shaba. Moshi ule ni sumu, nao hauchagui aliyewasha moto. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, lakini kanuni haziwezi kusimama kwenye kila jalala la Maili Moja.

DISKETI KUMI NA MOJA

Mwaka 2023 alinijia mtu aliyekuwa amesikia habari za ile baraza yangu. Alisema yuko mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kisarawe, mwenye disketi asizoweza kuzisoma, na kwamba kila fundi wa Kariakoo aliyeonyeshwa alicheka. Safari hii sikuzunguka Ubungo. Nilikatiza kwa barabara ya Kiluvya, nikafika nikiwa mwekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe fundi wa vitu vilivyokufa?"

Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo mjukuu wake, msichana wa sekondari, ndiye aliyeleta kopo la maziwa ya unga lililokuwa na disketi hizo. Zilikuwa kumi na moja, za inchi tatu na nusu. Kati ya mwaka 1993 na 1996 Mwalimu alikuwa amezunguka vijiji vya Kisarawe akiwasikiliza bibi na babu wa Kizaramo. Aliandika maneno ya Kizaramo na maana zake, hadithi, nyimbo za mdundiko, na maelezo ya bibi watatu juu ya mkole na mwana hiti, mambo ambayo wasichana walifundishwa walipotolewa ndani. Kompyuta aliachiwa na mradi mmoja uliofunga shughuli zake. Alichapisha nakala moja ya karatasi. Nakala hiyo ililiwa na mchwa. Bibi wale watatu walikwisha fariki wote, na wa mwisho alifariki mwaka 2005.

"Nilikuwa mvivu," akasema. "Nilidhani kwa kuwa kimo ndani ya mashine, kimehifadhika."

Disketi moja ya aina ile huchukua herufi milioni moja na ushei, ambazo ni kurasa mia saba hivi za maandishi matupu. Kazi yake yote ingalienea katika moja. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa mafaili, akaipa kila sura disketi yake. Tabia hiyo ndiyo iliyookoa kilichookolewa. Lau angaliweka yote mahali pamoja, tungalipata yote au tusingalipata lolote.

Nilizibeba hadi Kibaha. Ndani ya disketi mna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa chuma, na maandishi ni usumaku uliomo katika unga huo. Unyevu wa pwani huotesha ukungu juu yake. Ukiiingiza hivyo hivyo, kichwa cha kusomea hukwangua ukungu pamoja na unga, na maandishi yamekwenda zake. Basi kila moja niliifungulia kidirisha chake, nikaifuta taratibu kwa pamba yenye spiriti, nikizungusha duara kwa kidole, na baada ya kila disketi nikasafisha kichwa cha kisomeo. Kazi hiyo ilinichukua Jumapili mbili. Kisha nikajaribu kuzisoma katika mashine yangu iliyo bora. Zilisomeka mbili. Nikajaribu katika nyingine, na nyingine, hata zikafika saba. Ni zile zile mbili.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, mpaka usiku mmoja nikakumbuka maneno ya mjomba juu ya kanda za redio, kwamba kanda iliyorekodiwa na mashine yenye kichwa kilichopinda huimba vizuri katika mashine hiyo hiyo tu. Disketi nazo ni hivyo. Kisomeo kikiwa kimepotoka kidogo, huandika njia zake pembeni ya mahali pake. Chenyewe huzisoma bila taabu, vingine vyote huona vurugu. Nikampigia simu mjukuu. "Mwulize babu, ile mashine yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa katika banda la kuku. Tetea mmoja alikuwa akiatamia juu yake, na Mwalimu alikataa nisimwondoe mpaka mayai yaanguliwe. Nikangoja. Mtu wa mjini anayesoma habari hii atasema ningaliweza kumhamisha kuku. Basi hajapata kuishi na mwalimu wa zamani.

Nilipoipata, hali yake sitaieleza katika ukurasa wa familia. Betri ilikuwa imevuja kama ile ya kwanza, nami nikanunua ndimu. Kisomeo chake cha disketi kilikuwa kimeganda. Nikakitoa, nikakisafisha, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye vyuma vinavyobeba kichwa, nikakiunga na mashine yangu nyingine. Nikaingiza disketi ya tatu. Ilikwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena, na majina ya mafaili yakaanza kushuka kiooni, moja baada ya jingine.

Yalikuwa yameandikwa kwa WordPerfect, programu ya maandishi ambayo ofisi nyingi ziliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bahati njema LibreOffice, programu ya leo isiyolipiwa, bado inaielewa. Nane tulizipata zote nzima. Moja tulipata nusu yake. Mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, duara limebaki wazi kama kioo cha dirisha, na hapo hakuna fundi.

Nilirudi Kisarawe na kompyuta ya mkononi, nikiwa pia nimebeba mashine yake iliyosafishwa, kwa kuwa aliniomba. Aliuliza kwanza juu ya zile mbili. Nilimwambia: nyimbo za mdundiko. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kuimba moja, kwa sauti ndogo, akakwama ubeti wa pili, akarudi mwanzo. Na yule msichana, bila kuambiwa na mtu, akatoa simu yake akaanza kurekodi. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Alikumbuka nne. Katika disketi, alisema, zilikuwa thelathini na moja.

Baadaye msichana akaanza kumsomea yaliyookolewa, maelezo ya bibi wa kwanza juu ya mkole, na Mwalimu akawa anasikiliza ameinamisha kichwa kama mtu asahihishaye daftari. Mimi nilikuwa nikiunga mashine yake pembeni. Ilipowaka ililia mara moja, na mjukuu akageuka kutazama kioo.

"Inasema nini?" Mwalimu akauliza.

"Inasema leo ni tarehe 1 Januari 1980, babu."

Akacheka. "Basi nina miaka thelathini na sita, na kazi sijaianza." Kisha akamtaka arudi ukurasa wa nyuma, kwani palikuwa na neno moja la Kizaramo alilolisikia vibaya, na alitaka kujua kama kosa ni la msomaji au ni lake yeye mwenyewe wa mwaka 1993. Lilikuwa lake. Akaagiza lifutwe.